Umeambiwa ung'oe meno mazima ili ufungwe waya? Pitia hapa kabla hujakaa kwenye kile kiti

Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Maswali ya kung'oa meno kwa ajili ya waya wa kupanga meno yamekuwa mengi, na majibu karibu yote yanaishia kwenye "usiogope, haiumi". Ni kweli, ganzi inafanya kazi yake. Lakini maumivu siyo jambo la kwanza la kuulizia. Unatolewa jino zima, lisilooza, na jino la ukubwani likishatoka haliotei tena. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya siku yenyewe. Mimi nimeshatolewa manne, fizi zimefunga, nasubiri waya. Nilimbana daktari wangu kwa maswali mpaka nikaelewa, na nimesoma sana, naomba niwamegee.

Kwanza, kwa nini wanang'oa. Kuna watu taya ni dogo na meno ni mapana, hivyo meno yanapandana, mengine yanajipinda, chonge zinatokea juu ya fizi kama zimekosa pa kukaa. Wengine meno yamepangika vizuri tu ila yamechomoza mbele, mpaka kufumba midomo ni lazima ujikaze. Hali zote mbili zinahitaji nafasi, na daktari anaihesabu kwa milimita. Gego dogo la kwanza, lile linalofuata chonge, lina upana wa kama milimita 7. Ukitoa moja kila upande, taya hilo limepata kama milimita 14. Ndiyo maana hilo ndilo linalochaguliwa mara nyingi: liko jirani na msongamano wa mbele, na nyuma yake kuna pacha wake anayefanya kazi ileile. Pengo likishafungwa, mtu akikuangalia haoni kama kuna kilichopungua.

Sasa swali ninalotaka kila mtu amuulize daktari wake: hiyo nafasi itatumika na nini? Milimita ngapi za kunyoosha yaliyopinda, ngapi za kurudisha meno ya mbele nyuma, na ngapi zitaliwa na magego ya nyuma yakisogea mbele? Daktari mwenye mpango atakujibu huku anakuonyesha eksirei na nakala ya meno yako. Ukiambiwa tu "huwa tunatoa manne", chukua vipimo vyako uende kwa mwingine akupe maoni yake. Hakuna daktari wa maana anayechukia mgonjwa kutafuta maoni ya pili.

Na vipimo viwepo kweli. Eksirei inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja, eksirei ya ubavu wa kichwa, nakala ya meno na picha za uso. Ile eksirei ya taya ndiyo inayofichua yasiyoonekana kwa macho: chonge iliyozama ndani ya mfupa, mzizi mfupi, jino ambalo halijawahi kuumbika. Inaonyesha pia kama kuna jino limeoza sana au lina mzizi mbovu, na hapo daktari anaweza kuamua litoke hilo bovu, zima libaki. Uamuzi wa namna hiyo haufanyiki kwa kuchungulia mdomoni na tochi.

Nawasilisha. Aliyepitia aongezee, mwenye swali aulize.

Mpita Njia

Mkuu, kungoa meno mazima ni mambo ya zamani. Siku hizi wanapanua taya na meno yote yanaenea. Nimeona video nyingi wakisema ukingolewa sura inabonyea na unazeeka mapema. Mimi siruhusu mtu aguse jino langu zima.

Mleta uzi

Hofu yako naielewa, na wasiwasi wa sura ni halali kabisa. Ila huu ubishi una zaidi ya miaka 100. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa fani hii ya kupanga meno, alishikilia kwamba meno yote yabaki, na wanafunzi wake wakafuata hivyo. Mmoja wao, Charles Tweed, akafuatilia wagonjwa wake mwenyewe na kuona wengi meno yamerudi yalikotoka au yamechomoza mbele. Akaanza kuwatibu upya kwa kuwatoa magego madogo manne, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa anawaonyesha wenzake matokeo hadharani. Baadaye wengine walivuka mpaka, wakawa wanang'oa hata pasipohitajika, ndipo mambo yakarudishwa kwenye mizani. Leo daktari makini hana msimamo wa "ng'oa wote" wala "usimng'oe yeyote". Anapima aliye mbele yake.

Kupanua taya kupo na kunasaidia, hasa kwa mtoto ambaye mfupa wa juu haujaungana vizuri katikati. Kuna pia kukwangua enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, kidogo pembeni mwa meno, na kusukuma magego nyuma kwa msaada wa skrubu ndogo. Kila njia ina kikomo chake. Kati ya meno mawili unaweza kupunguza kama nusu milimita hivi. Mwenye upungufu wa milimita 10 hafiki kwa njia hiyo peke yake, na ukilazimisha meno yote yaenee, mizizi inasukumwa ukingoni mwa mfupa na fizi zinaanza kushuka.

Tabibu wa Meno

Naunga mkono, na niongezee kuhusu sura. Midomo hufuata meno ya mbele, ila haifuati milimita kwa milimita, inarudi kwa kiasi kidogo kuliko meno yenyewe. Mtu ambaye meno yamechomoza na midomo haifungi, akirudishwa nyuma anapendeza. Mtu mwenye uso bapa na midomo myembamba, huyo ndiye wa kuwa naye mwangalifu, na mara nyingi tunatafuta kila njia tusimng'oe. Kazi ya eksirei ya ubavu ndiyo hiyo. Kwa hiyo mchangiaji hapo juu hajakosea kuuliza, ila jibu lake liko kwenye vipimo vyake mwenyewe. Video ya mtu mwingine haiwezi kumpa.

Suala la kiungo cha taya nalo huwa linaletwa sana. Tafiti zilizofanyika hazijaonyesha kwamba kung'oa magego madogo kwa ajili ya waya ndiko kunakoleta ugonjwa wa kiungo hicho.

Mwanachuo

Mimi nina barua ya kung'olewa mkononi sasa hivi. Imeandikwa 14, 24, 34, 44. Ndiyo nini? Na anayeng'oa siye yule atakayefunga waya, ni kliniki nyingine.

Mleta uzi

Asante kwa kuuliza hili, maana hapa ndipo pa kukaa macho. Katika mfumo huo tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 ni juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Tarakimu ya pili ni jino lenyewe ukihesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Simama mbele ya kioo, anzia jino la mbele kabisa: moja, mbili, tatu ndiyo chonge, nne ndilo linalotoka. Kwa hiyo barua yako inasema magego madogo ya kwanza, yote manne.

Tatizo ni kwamba Marekani wanahesabu tofauti, meno yanapewa namba 1 hadi 32. Kwa hesabu yao namba 14 ni gego kubwa la juu kushoto, na 24 ni jino la mbele la chini. Ukipeleka barua ya mfumo mmoja kwa mtu anayesoma mfumo mwingine, umeona hatari yake? Omba daktari wako aandike pia kwa maneno: "gego dogo la kwanza, juu kulia", na kadhalika. Na siku ya kung'oa, kabla ya ganzi, mwombe anayeng'oa akuguse jino moja moja huku anasoma barua, nawe ukitazama kwenye kioo. Dakika moja tu. Madaktari wazuri hufanya hivyo bila kuombwa.

Jambo la pili, ndugu yangu, na hili nalisisitiza kwa herufi nzito: using'oe kabla hujajua tarehe ya waya. Ukishatoa meno na waya ukachelewa miezi na miezi, meno jirani yanaanza kulala kuelekea pengo bila mpangilio, na mfupa wa pale unasinyaa, unakuwa mwembamba. Kuyapitisha meno hapo baadaye ni kazi. Hakikisha gharama ya safari nzima umeipangia, kwa sababu waya ni matibabu ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na ya kung'oa huwa hayaishi upesi. Baada ya hapo kuna riteina za kuvaa, vile vifaa vya kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Nimesoma habari za watu waliong'oa kwa haraka halafu fedha ikakata, wakabaki na mapengo manne na meno yaleyale yaliyopinda. Inaniuma sana nikisoma hivyo, kwa sababu ingeepukika kwa mazungumzo ya nusu saa.

Tabibu wa Meno

Kabisa. Kuna madaktari wanaofunga waya kwanza kisha ndiyo wanaagiza kung'oa, na kuna wanaosubiri wiki moja hadi tatu baada ya kung'oa. Zote ni sawa mradi kuna mpango.

Kabla ya yote, mdomo uwe safi. Yaliyotoboka yazibwe, ugaga utolewe, fizi zinazotoka damu zitibiwe zitulie. Sifungi waya kwenye mdomo wenye fizi zilizovimba, maana waya unasogeza jino kwa kuufanya mfupa uliwe upande mmoja na ujengwe upande wa pili. Mfupa huo ukiwa unashambuliwa na ugonjwa wa fizi, waya unaharakisha upotevu wake. Na ukoga ukikaa kuzunguka vibano, vile vidude vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya, enameli inapoteza madini na kuacha madoa meupe. Siku vibano vinatolewa meno yamenyooka, lakini kila jino lina kifremu cha doa. Anza sasa hivi kupiga mswaki kama mtu aliyeshavaa waya, kwa dawa yenye floraidi, ukipita taratibu pale jino linapokutana na ufizi.

Mwambie anayeng'oa kila dawa unayotumia. Za kufanya damu isigande, za mifupa, za kisukari, na kama una mimba. Kama uliwahi kutoka damu muda mrefu baada ya jeraha dogo, sema. Kama unatumia dawa za damu, usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, zungumza na daktari aliyekuandikia. Na usije na njaa: kama ni ganzi ya kawaida, kula kwanza. Wanaozimia kwenye kiti wengi ni wale waliokuja tumbo tupu na hofu.

Mama wa Wawili

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 12, ameambiwa atolewe mawili ya juu. Analia kila nikigusia. Daktari, nimwambieje? Nimdanganye kuwa hatasikia kitu?

Tabibu wa Meno

Marahaba mama. Usimdanganye hata kidogo. Akisikia kitu kimoja tofauti na ulichomwambia, hatakuamini tena, wala hataniamini mimi.

Mwambie hivi: atasikia mchomo wa sindano mwanzoni, unauma kwa muda mfupi, kisha mdomo unakuwa mzito. Baada ya hapo hasikii maumivu, lakini atasikia kusukumwa, tena kwa nguvu, na atasikia sauti kama kitu kinakwaruza au kulia "kra". Sauti inakuwa kubwa kwa sababu inapita kwenye mfupa mpaka sikioni. Hiyo ndiyo inayowatisha watoto, na watu wazima pia, kama hawakuambiwa. Wanadhani jino limevunjika kumbe linalegezwa tu. Mkubalianeni na daktari ishara: akiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Mtoto aliyejua kwamba anaweza kusimamisha mambo huwa hata hainui huo mkono.

Na nyumbani, mwangalie sana mdomo ukiwa na ganzi. Ganzi ya mdomo inaweza kukaa saa tatu na zaidi, na watoto huutafuna mdomo wa chini au shavu bila kujua. Ganzi ikiisha anaamka na kidonda kinachouma kuliko pale palipotoka jino. Asile mpaka asikie mdomo wake mwenyewe.

Kwa umri wake pia asipewe aspirini. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha mara nyingi.

Mama wa Wawili

Mungu akubariki daktari. Nitamsomea hii jioni neno kwa neno.

Usiku Mrefu

Jamani nisaidieni. Nilitolewa mawili ya chini. Siku ya kwanza sikuumwa sana, nikaona nimepona. Leo ni siku ya tatu naumwa upande mmoja mpaka sikioni, mdomo unanuka, dawa hazishiki. Kwenye shimo naona kama mfupa. Nilikuwa navuta sigara mbili tatu kwa siku. Ni kawaida?

Tabibu wa Meno

Hapana ndugu, rudi kliniki leo, usisubiri wikendi ipite. Maelezo yako yanafanana na shimo lililopoteza donge la damu. Jino likitoka, damu inaganda mle ndani, na donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa na ndimo nyama mpya inamoota. Likitoka au likiyeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, na maumivu yanaanza siku ya pili au ya tatu, wakati watu wengine wanaanza kupata nafuu. Hutokea zaidi taya la chini, na wavutaji wa sigara wako katika hatari kubwa zaidi. Watakusafisha shimo na kukuwekea dawa, na nafuu huja haraka. Usijaribu kuchokonoa mwenyewe, wala usiweke kitu chochote cha nyumbani ndani ya shimo. Na sigara iache kabisa mpaka pafunge. Ukiona uvimbe unaongezeka, homa, au unashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni dharura, nenda saa hiyohiyo.

Mleta uzi

Pole sana mkuu, tupe mrejesho ukirudi.

Kwa wengine ambao bado, saa 24 za kwanza ndizo za kulilinda donge hilo. Uma kitambaa cha shashi kwa nguvu nusu saa nzima bila kufungua kila dakika kuchungulia. Ukikiondoa na kukirudisha ndivyo damu isivyoganda. Mate yenye wekundu siku nzima ni kawaida, tone la damu kwenye mate mengi linaonekana kama damu tupu. Usiteme kwa nguvu, yaache mate yadondoke yenyewe. Usisukutue, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinyanyue mizigo. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Kitu cha baridi shavuni, dakika 20 weka, dakika 20 toa.

Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Unayazungusha mdomoni polepole kwa kuinamisha kichwa huku na huku, halafu unayaacha yamwagike. Mswaki unaendelea kwa meno mengine tangu siku ya kwanza, ukikwepa tu mashimo.

Mimi nilishangaa jinsi ulimi unavyoyatafuta yale mapengo. Unakwenda kule hata ukiwa unazungumza na watu. Wiki ya kwanza ukitazama kwenye kioo utaona kitu cheupe au cha njano hafifu juu ya shimo. Kama hakuna maumivu makali wala harufu mbaya, huo siyo usaha, ni kidonda kinajifunika. Kuna watu wanakisugua na mswaki wakidhani ni uchafu. Kiacheni.

Kaka Mkubwa

Swali la haraka: nimeambiwa nitoe na magego ya mwisho yote manne, eti yatasukuma meno yapinde tena baada ya waya. Nitoe?

Tabibu wa Meno

Kama yameoza, yamelala yanagonga jino jirani, au ufizi wake unavimba mara kwa mara, kuna sababu. Kuyatoa kwa ajili tu ya kuzuia meno ya mbele yasipinde, ushahidi hauungi mkono. Meno ya mbele hujikunja kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu ambao hawana magego hayo. Kinachozuia ni riteina, uivae kama ulivyoelekezwa.

Usiku Mrefu

Mrejesho: nimerudi kliniki, ni kweli donge lilikuwa limetoka. Wamesafisha, wameweka dawa yenye harufu ya karafuu. Maumivu yamepungua sana ndani ya saa moja. Natakiwa nirudi kubadilisha. Sigara nimeweka chini. Asanteni sana, hasa daktari.

Mwanachuo

Afadhali mkuu, ugua pole.

Mleta uzi, na mimi nimeandikiwa kwa maneno kama ulivyosema, asante. Sasa wameniambia kabla ya waya nitawekewa vipira katikati ya magego. Vinafanya nini, na vinauma?

Mleta uzi

Magego ya nyuma mara nyingi huvishwa pete ya chuma inayozunguka jino zima, na magego yamebanana, hakuna pa kupitisha hiyo pete. Kile kipira kinavutwa, kinapenyezwa katikati ya meno mawili, kisha kinataka kurudi kwenye unene wake, hivyo kinayaachanisha taratibu. Vinakaa siku chache hadi wiki. Mwanzoni unajisikia kama una nyama imekwama na huwezi kuitoa, halafu jioni magego yanaanza kuuma ukitafuna. Siku mbili tatu za vyakula laini, inapungua. Kama daktari wako anatumia vibano vya kubandika hata nyuma, huenda usiwekewe kabisa.

Usipitishe uzi wala kijiti cha meno pale vilipo, utavitoa. Na kila usiku hesabu kama vyote vipo. Kimoja kikidondoka siku ya kwanza, piga simu urudishiwe, maana meno yanarudi kubanana na siku ya miadi pete haitapita. Kikidondoka siku moja kabla ya miadi, kwa kawaida nafasi imeshapatikana, lakini wape taarifa hata hivyo, wao ndio wanaojua kama wakuite mapema.